Mawe ya Figo na Kibofu, na Nchi Yanamotokea

Katika maradhi yampatayo mwanadamu, ni machache yaachayo ushahidi udumuo kama jiwe litokalo mwilini mwa mgonjwa. Homa ikiisha haiachi kitu cha kushikwa mkononi. Nyama na ngozi huoza kaburini, bali jiwe hubaki. Na mwenye elimu akilipasua huona ndani yake tabaka juu ya tabaka, kama maganda ya kitunguu, akasoma humo habari za mtu aliyelibeba: alikula nini, alikunywa maji kiasi gani, na pengine aliishi katika nchi ya namna gani.

Leo nataka kuwaelezeni habari za mawe hayo, na hasa jambo moja ambalo watu wamejiuliza tangu zamani. Kwa nini nchi moja ina mawe mengi, na nchi nyingine machache? Na kwa nini mawe ya mahali hapa si ya namna moja na mawe ya mahali pale? Wengi hujibu upesi kwamba sababu ni jua kali, au ni maji yenye chokaa. Majibu hayo yana ukweli kidogo, lakini hayakutimia. Na mtu akiyashika peke yake aweza kupotea njia, akaacha kufanya lile ambalo lingemwokoa mtoto wake au yeye mwenyewe.

Kwanza yafaa tujue jiwe lafanyikaje. Kila mtu ana mafigo mawili upande wa mgongoni, chini ya mbavu, nayo ni kama vichujio vya damu. Usiku na mchana huchuja damu, hutoa maji yaliyozidi pamoja na chumvi na taka za chakula, na mkojo hushuka kwa mirija miwili mpaka kibofuni. Chumvi hizo zikiwa katika maji mengi huyeyuka wala hazionekani. Maji yakipungua, chumvi hukosa mahali pa kukaa, ikaanza kuganda chembe chembe. Wakaao pwani wanalijua jambo hili vizuri. Maji ya bahari huingizwa katika majaruba, jua likayakausha, na chumvi iliyokuwa haionekani ikabaki chini, nyeupe na ngumu. Ndivyo iwavyo katika mafigo ya mtu mwenye kiu asiyekunywa. Chembe nyingi hutoka na mkojo bila mwenyewe kujua. Lakini moja ikikwama, ikapata nyingine juu yake, huwa jiwe. Na jiwe likishuka katika mrija, mgonjwa hushikwa na maumivu ya ubavuni makali mno, akawa hapati mlalo wala kikao.

Lakini jaruba hutoa chumvi ya namna moja, na mwili hutoa mawe ya namna nyingi. Elimu ya kuyatambua ilianza mwaka 1776, wakati Carl Wilhelm Scheele, mtengeneza dawa wa Sweden, alipochunguza jiwe la kibofu akaona ndani yake kitu ambacho hakikujulikana bado, nacho sasa chaitwa asidi ya yuriki. Mwaka 1797 daktari William Hyde Wollaston wa London alieleza namna nyingine kadha wa kadha, na mwaka 1810 akaongeza moja iliyo adimu sana, iitwayo sistini.

Kwa leo yatutosha kujua namna nne kubwa. Ya kwanza ni jiwe la kalisi na oksalati. Kalisi ndiyo iliyomo katika chokaa, mifupa na maziwa. Oksalati imo katika mboga nyingine za majani na vyakula vinginevyo, na mwili wenyewe huifanya pia. Jiwe hilo mara nyingi huwa gumu na jeusi jeusi, lenye vinundu kama tunda la forosadi, na siku hizi ndilo lionekanalo zaidi ulimwenguni. Namna ya pili ni jiwe la asidi ya yuriki, itokanayo na taka za nyama na vyakula vingine. Hilo hupenda mkojo ulio mchache na wenye ukali wa asidi. Namna ya tatu ni jiwe la fosfati, magnesi na amonia, ambalo hutokea vijidudu vya ugonjwa viingiapo katika njia ya mkojo vikaubadili mkojo wenyewe. Namna ya nne ni hilo la sistini, litokalo kwa urithi wa baba na mama. Basi angalieni: jiwe la sistini halitokani na nchi bali na damu ya ukoo, na lile la vijidudu hufuata ugonjwa zaidi kuliko jua. Namna mbili za kwanza ndizo zielekeazo sana kubadilika kwa joto la nchi na chakula cha watu wake.

Ugonjwa wenyewe ni wa kale mno. Mwaka 1901 Grafton Elliot Smith, daktari mzaliwa wa Australia aliyekuwa akifundisha Cairo, aliona jiwe la kibofu katika kaburi la kijana wa miaka kama 16 huko El Amrah, Misri. Kijana huyo alizikwa kabla ya wakati wa Mafirauni, zaidi ya miaka 5000 iliyopita. Kiini cha jiwe lake kilikuwa asidi ya yuriki, na juu yake zilikuwako tabaka za oksalati na fosfati. Jiwe hilo lilipelekwa London likawekwa katika nyumba ya makumbusho ya madaktari wapasuaji, likadumu huko mpaka mwaka 1941, lilipoangamizwa na mabomu ya vita. Lilikaa salama mchangani maelfu ya miaka, likapotea kwa usiku mmoja.

Matabibu wa zamani nao walijua habari hizi. Sushruta wa Bara Hindi alieleza jinsi ya kumpasua mgonjwa na kulitoa jiwe kibofuni. Abu Bakr al-Razi, tabibu wa Uajemi aliyeishi yapata miaka 1100 iliyopita, aliandika kitabu kizima juu ya mawe ya mafigo na kibofu. Lakini aliyetangulia kuuliza habari za nchi ni wale wa Uyunani. Katika vitabu vilivyowekwa chini ya jina la Hippocrates, aliyezaliwa karibu mwaka 460 kabla ya Kristo, kimo kimoja kinachoeleza hewa, maji na mahali. Kitabu hicho chasema kwamba tabibu afikapo katika mji mgeni, na atazame kwanza upepo wake, na maji yake, na jinsi watu wanavyoishi. Mawe ya kibofu yalitajwa humo, na lawama ikatupwa juu ya maji, hasa yale yaliyochanganyika kutoka mito mingi. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka 2000, watu waliendelea kuyalaumu maji.

Sasa twende Uingereza, katika jimbo la Norfolk, upande wa mashariki. Nchi hiyo ni tambarare, ya baridi, wala haina jua kali la kumkausha mtu. Hata hivyo, kwa muda mrefu ilisifika kwa ubaya huu wa mawe ya kibofu. Hospitali ya mji wa Norwich ilipofunguliwa mwaka 1772, kupasua wagonjwa wa mawe ikawa mojawapo ya kazi zake kubwa, na mawe yaliyotolewa yakawekwa yasitupwe. Daktari Alexander Marcet, aliyetoa kitabu chake mwaka 1817, alizitazama hesabu za hospitali hiyo: katika miaka 44 walikuwa wamepasuliwa watu zaidi ya 500, na wengi miongoni mwao walikuwa watoto. Kumbukeni kwamba siku zile dawa ya kumlaza mgonjwa haikuwako. Mtoto alishikwa na watu wenye nguvu akakatwa hali macho, na mgonjwa mmoja katika kila saba au karibu na hapo alikufa.

Watu wa Norfolk walisema, "Ni maji yetu, ardhi yetu ina chokaa." Lakini watoto wa matajiri walikunywa maji ya nchi ile ile, na ugonjwa uliwapata zaidi watoto wa maskini. Tena, karne ya kumi na tisa ilipokuwa ikiisha, mawe ya kibofu ya watoto yalipungua, mwisho yakawa karibu kutoweka katika Ulaya ya magharibi. Chokaa haikutoka katika ardhi ya Norfolk, wala jua halikubadilika. Kilichobadilika ni maisha ya watu, na hasa chakula cha mtoto.

Ushahidi wa jambo hili ulionekana mbali, katika Bara Hindi. Daktari Robert McCarrison, aliyekuwa na nyumba yake ya uchunguzi Coonoor katika vilima vya kusini, alitaka kujua kwa nini sehemu za kaskazini zilikuwa na mawe mengi kuliko kusini. Aliwalisha panya chakula cha unga wa nafaka kisicho na maziwa, na wengi wakapata mawe. Alipoongeza maziwa katika chakula kile, mawe hayakutokea. Habari hizo alizitangaza mwaka 1931. Panya wote walikaa katika nyumba moja, kwa hewa moja. Basi hapo ilionekana wazi kwamba chakula chaweza kuleta jiwe hata nchi isipobadilika.

Jambo hilo likathibitika kwa watu katika Thailand, nchi iliyoitwa zamani Siam. Upande wa kaskazini-mashariki kuna jimbo la Ubon, ambako mawe ya kibofu yaliwasumbua sana watoto wa vijijini, hasa wavulana. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Thailand na wa Marekani walilichunguza kwa bidii. Waliona kwamba katika mji wa Ubon watoto wenye mawe walikuwa wachache, na katika vijiji vya jirani wengi. Jua ni lile lile, mvua ni ile ile. Tofauti ilikuwa katika malezi. Kijijini mtoto mchanga alianza kupewa wali wa kunata, uliotafunwa na mama yake, tangu majuma ya kwanza ya uhai wake, na vyakula vya maziwa, nyama na mayai vilikuwa haba. Wali humshibisha mtoto, lakini una fosfati kidogo. Mkojo wake ukawa mchache, wenye chembe za oksalati na yuriki. Walipopewa fosfati ya dawa, chembe hizo zilipungua. Wale akina mama hawakuwa wazembe. Walifuata desturi waliyoikuta, nao waliwapenda watoto wao. Ujinga wa jambo moja dogo ndio uliowagharimu.

Hapo twapata kanuni ya kwanza. Jiwe lianzalo kibofuni mwa mtoto, lenye yuriki ya amonia na oksalati, ni alama ya umaskini wa chakula: nafaka tupu, maziwa machache, na kuhara kwa mara kwa mara kunakomkausha mtoto. Limeonekana katika nchi ya baridi kama Norfolk na katika nchi ya joto kama Ubon.

Sasa tuangalie jiwe la figo la mtu mzima, ambalo habari zake ni tofauti. Hapa ndipo jua lishikapo sehemu yake kwa nguvu. Wataalamu wametaja ukanda wa nchi zenye mawe mengi, uanziao Misri na Sudani, ukapita Arabuni, Uajemi, Pakistan na Bara Hindi, mpaka Burma, Thailand, Indonesia na Ufilipino. Marekani nayo ina ukanda wake katika majimbo ya kusini-mashariki. Uchunguzi uliofanywa huko katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba mawe huzidi kadiri mtu aendavyo kutoka kaskazini kwenda kusini.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote watoka kwa askari, maana askari huhamishwa wengi pamoja, kwa siku ijulikanayo, kutoka nchi ya baridi hadi jangwani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, madaktari wa jeshi la Marekani waliona mawe mengi kwa askari wao waliokaa jangwani, wakaandika habari hizo mwaka 1945. Mwaka 2003 majeshi ya Marekani yalipokwenda Kuwait na Iraq, madaktari walihesabu siku: wale waliopata mawe walianza kuumwa kwa wastani wa siku 93 tangu kufika. Chini ya miezi minne tu! Mtu hutoka jasho bila kulihisi, kwa kuwa hewa kavu hulikausha juu ya ngozi. Hudhani hakupoteza maji, kumbe amepoteza mengi. Mkojo wake huwa mchache, mweusi na wenye asidi, nao ndio mkojo ulipendezao jiwe la asidi ya yuriki. Kwa sababu hiyo mawe ya namna hiyo huonekana kwa wingi zaidi katika nchi za joto kavu kuliko katika nchi nyingi za baridi.

Wala si lazima joto litoke mbinguni. Mwaka 1993 wataalamu wa Italia walieleza habari za watu wafanyao kazi katika kiwanda cha vioo, karibu na matanuri. Kati ya waliokaa penye joto, watu 8 au 9 katika kila 100 walikuwa na mawe. Kati ya wenzao wa kiwanda kile waliofanya kazi mahali pa baridi, walikuwa 2 au 3 tu. Na katika mawe ya wale wa matanurini, zaidi ya theluthi moja yalikuwa ya asidi ya yuriki. Basi mtu aweza kuwa na jangwa lake kazini, hali nyumbani kwake kuna theluji.

Lakini msidhani kwamba jua latosha peke yake. Kama lingetosha, kila nchi ya joto ingejaa mawe. Daktari Vincent Vermooten aliandika mwaka 1937 juu ya hospitali za Afrika Kusini, akaeleza kwamba mawe ya figo karibu hayakuonekana kabisa kwa wagonjwa Waafrika, ingawa Wazungu waliokaa chini ya jua lile lile waliyapata. Kwa hiyo tutengeneze kanuni ya pili hivi: jua huondoa maji, na chakula na damu ya ukoo huamua ni chumvi gani itakayobaki chini. Penye nyama nyingi, chumvi nyingi na maji machache, jiwe la mtu mzima hukaribia. Ndiyo maana nchi zilizoondokana na mawe ya kibofu ya watoto kwa kupata chakula bora, nyingi zimeona mawe ya figo ya watu wazima yakiongezeka. Umaskini hulipanda jiwe kibofuni mwa mtoto. Na shibe isiyo na kiasi hulipanda katika figo la baba.

Na vipi yale maji ya chokaa yaliyolaumiwa tangu siku za Wayunani? Mwaka 1993 uchunguzi wa Marekani juu ya wanaume zaidi ya 45,000 ulionyesha kwamba wale waliokula kalisi nyingi katika chakula chao hawakupata mawe mengi. Walipata machache kuliko waliojinyima. Sababu yake ni kwamba kalisi ya chakula hukamatana na oksalati tumboni, vikatoka pamoja chooni kabla ya kufika katika mafigo. Kwa hiyo mtu anayeacha maziwa kwa kuogopa jiwe, amefukuza mlinzi akidhani ni mwizi. Na anayekunywa kidogo kwa sababu maji ya kisima chake ni mazito, hujidhuru zaidi, maadamu maji yenyewe ni safi.

Maana dawa kubwa ni maji. Katika mji mpya uliojengwa katika milima ya jangwa la Yudea, madaktari waliwafundisha baadhi ya wakazi kunywa maji zaidi. Katika habari zao za mwaka 1966 walieleza kwamba waliofundishwa walipata mawe machache kuliko wenzao. Mwaka 1996 Waitalia walitoa hesabu nyingine. Watu 99 waliokwisha kupata jiwe mara moja waliambiwa wanywe maji hata mkojo wao ufike lita 2 kwa siku, na wengine 100 wakaachwa na desturi yao. Baada ya miaka 5, jiwe lilikuwa limewarudia 12 katika wale wa kwanza, na 27 katika wale wa pili. Dawa hiyo haikununuliwa dukani.

Jambo hili lina uzito kuliko zamani, kwa kuwa dunia inazidi kupata joto. Mwaka 2008 wataalamu wa Marekani walipiga hesabu wakasema kwamba ukanda wa mawe wa nchi yao utapanuka kuelekea kaskazini kadiri joto liongezekavyo. Na vijana wengi wa Afrika ya Mashariki huenda kufanya kazi katika nchi za Ghuba, ambako jua la kiangazi halina huruma. Kijana aendaye huko na ajue kwamba kiu si kipimo cha kutosha. Na atazame rangi ya mkojo wake. Ukiwa kama maji yenye tone la chai, ni vema. Ukiwa kama chai ya rangi, amechelewa kunywa. Na mwenye watu wa kazi na ajue kwamba maji na kivuli kwa mfanyakazi wake ni haki, si fadhili.

Kwa mama nasema hivi: mtoto na anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza, kisha uji wake uongezwe maziwa, samaki, mayai au kunde, usiwe wa unga mtupu. Na yeyote apatwaye na maumivu ya ubavuni pamoja na homa, au akaukosa mkojo, asingoje wala asijitibu kwa mizizi. Na aende hospitali siku ile ile, kwa maana figo lililozibwa na lenye vijidudu laweza kumwua mtu.

Hatuwezi kulihamisha jua, wala kuichagua nchi tuliyozaliwa. Lakini mtoto wa mjini Ubon na mtoto wa kijijini walikaa chini ya mbingu moja, na mmoja wao ndiye aliyebeba jiwe. Kilichowatenga kilikuwa katika bakuli, nacho chaweza kubadilishwa na mkono wa mtu.